Karibu, Lukresia

Somanda, Bariadi
19 Februari 2004

...na jambo jingine, dada, nililotaka kukuambia pale stendi kabla kondakta hajakuvuta ndani na begi lako, ni kwamba anaimba. Shija anaimba akinyoa ndevu! Nyimbo za kanisani, tena sauti ya pili, kana kwamba ile ya kwanza ameniachia mimi niimalizie huko jikoni. Nami naimalizia. Majirani watatuchoka.

Lakini tazama, nimeanza bila salamu, utasema ndoa imeniondolea adabu. Mwangaluka, dada Lukresia. Sisi mhola duhu, wazima tu. Mama, Mayu wetu, yuko nyumbani Sola, mguu umepungua kuvimba. Baba mkubwa, yaani baba yako, anakusalimia sana. Kazi yako bado haielewi, ila amewaambia watu kwamba unatibu kompyuta. Mvua imenyesha vizuri na pamba imefika magotini. Mama mkwe ananipenda, au amenizoea, sijajua kutofautisha.

Wiki tatu za ndoa, dada! Asubuhi naenda naye kituoni kwake, chumba kile kimoja karibu na soko ulichokiona, kompyuta tatu za mtumba na jenereta nje. Yeye anachapa fomu za makampuni ya pamba, siku hizi kila mwezi linakuja jipya, na mimi nafuta vumbi na kumtazama mgongo. Nimesoma mpaka kidato cha nne lakini hakuna aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kufurahia mgongo.

Kifurushi chako kimefika na basi la Jumanne. Sidii moja ya kompyuta, karatasi za maelezo, na barua mbili. Ya Shija ilikuwa na kurasa tatu. Yangu ilikuwa nusu ukurasa, na robo yake ni salamu za watu wengine. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nimehesabu.

Ungeniambia nipige simu, lakini simu ni moja na inakaa mfukoni mwake. Mambo mengine nataka niyaseme bila yeye kuyasikia.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo na kipimo,
Felisita


Sinza, Dar es Salaam
18 Machi 2004

Mdogo wangu Feli,

Habari za huko? Mimi mzima, joto tu. Nisalimie Mayu, na umwambie baba kwamba kompyuta hazitibiwi, ila ninamshukuru kwa kunitetea. Barua yako ilichelewa posta, nisamehe.

Kuhusu kurasa tatu: zilikuwa maswali. Naona Shija hakukueleza, basi nieleze mimi. Kompyuta ikifutwa haijui kitu. Unaiwekea sidii yenye mfumo, nao kabla haujaanza kazi unamhoji mtu: lugha gani, kibodi ya aina gani, uko nchi gani, vilivyomo vifutwe au vibaki, jina lako, neno la siri. Sidii ya Wazungu tuliyoanza nayo ina maswali arobaini na moja. Sisi tunatengeneza ya Kiswahili, ya shule na vituo vidogo, na tunakaa mezani kila Jumatatu kuamua yapi yabaki. Mkubwa wetu, Bwana Athanasi, anataka yabaki matano. Kila nikitetea swali ananiambia, "Mtu wa Bariadi atajibu nini hapo?" na wote wananitazama mimi, kana kwamba Bariadi nzima nimekuja nayo kwenye mkoba.

Ndiyo maana natuma kwa Shija. Yeye tulisoma wote Mwanza, meza moja, anajua jibu kabla sijamaliza swali. Lakini mtu kama huyo hatusaidii sana. Anayetusaidia ni yule asiyejua. Siku moja kaa wewe kwenye kiti, uone unakwama wapi.

Nafurahi kwamba anaimba.

Dada yako,
Lukresia


Somanda, Bariadi
3 Aprili 2004

Dada Lukresia,

Salamu kutoka kwa wote. Ng'ombe mwekundu wa Mayu amezaa jike. Mama mkwe amekutumia michembe, viazi vya kukausha, anasema huko mjini mnakula mikate tu. Mimi sijambo, kama mtu aliyekanyaga mwiba anavyoweza kuwa hajambo.

Meza moja. Siku zote nilijua mlisoma chuo kimoja. Meza moja sikuijua.

Sasa sikiliza. Kompyuta ya kati, ile aliyoiwekea sidii yako Februari, mimi huwa naifuta vumbi ikiwa imezimwa. Jumatano nilichelewa, nikaikuta inawaka. Picha ikatulia, na katikati ya kioo, kwa maandishi makubwa ya buluu, pameandikwa: Karibu, Lukresia.

Nikasimama na kitambaa mkononi.

"Shija, huyu Lukresia ni yupi?"

"Lukresia yupi?"

"Huyu anayekaribishwa hapa."

Akaja, akainama, akatazama kama mtu anayeoneshwa picha ya nchi ya mbali. "Aa. Mashine imejiandikia hiyo."

"Mashine imelijua wapi jina la dada yangu?"

"Si ndiye aliyetuma sidii?"

"Na mimi si ndiye ninayeifuta vumbi? Mbona haikujiandikia Felisita?"

Alikuwepo karani mmoja wa pamba, anangoja fomu zake. Akasema, "Hapo, ndugu yangu, umekamatwa," na Shija akacheka. Akacheka, dada! Mimi nilienda nje nikasimama karibu na jenereta, kwa sababu kelele zake zinameza za mtu.

Wiki sita. Kila asubuhi mume wangu anawasha mashine, mashine inamkaribisha kwa jina lako, naye anakaa chini na kuanza kazi akiimba. Na mimi nilidhani zile nyimbo ni zangu.

Nakuuliza mambo mawili, dada, ujibu yote mawili. La kwanza: jina lako limefikaje pale? La pili: kabla yangu, kabla hajaja Sola, Shija aliwahi kukutaka wewe?

Bado nampenda mno. Jana aliniletea mapera kwenye kofia yake, nikayala huku nimenuna.

Felisita


Sinza, Dar es Salaam
2 Mei 2004

Mdogo wangu Feli,

Natumaini mko salama. Pole kwa yaliyotokea, na pole kwa kuchelewa. Tulikuwa na wageni wa mradi.

Nakueleza la jina. Januari tulikuwa tumelitoa swali la jina. Bwana Athanasi alisema kituo kina watu wengi, hivyo jina la mmoja halina maana. Swali likitolewa, mashine hailiachi tupu lile pengo. Inajaza chochote ilichokikuta kwenye kompyuta iliyotengenezea sidii. Sidii ile ilitengenezwa kwenye kompyuta yangu ya ofisini, nayo imeandikishwa kwa jina langu. Basi jina likasafiri. Ni kosa la kazi, tena la kawaida: ukiacha kumuuliza mtu, umeshamjibia.

Jumatatu iliyopita nililieleza kikaoni bila kutaja ndugu. Nikasema kuna mke mmoja huko wilayani aliyekuta mashine ya mumewe inamkaribisha mwanamke mwingine. Walicheka mpaka chai ikapoa, lakini swali la jina limerudi. Sasa yako tisa. Swali la saa tumelitoa, maana nchi nzima saa ni moja. La kibodi wanabishana.

Nakutumia sidii mpya, na nimeandika jina lako juu ya bahasha, si la Shija. Weka mwenyewe. Niandikie kila mahali unapokwama, hata ukiona ni upuuzi.

Mwambie mama mkwe michembe nimepokea, nimekula yote peke yangu.

Lukresia


Somanda, Bariadi
27 Mei 2004

Dada Lukresia,

Salamu nyingi. Watu wako mashambani wanachuma pamba, mji mzima una vumbi na matrekta. Mama mkwe amehamia hapa kituoni mchana, anachambua nsansa, majani makavu ya kunde, mlangoni na kuwauliza wateja wametoka ukoo gani. Wanamjibu wote, tena kwa furaha. Labda mngemwajiri.

Nimeiweka sidii mwenyewe. Nimevaa khanga ya harusi kwa ajili hiyo, usinicheke. Shija alitaka kukaa karibu, nikamwambia akachape fomu zake.

Lugha: Kiswahili. Hilo lilinipa moyo.

Kibodi: mwambieni Bwana Athanasi asiliguse swali hilo. Mashine hii ilitoka Ujerumani na vitufe vyake viwili, Y na Z, vimekaa kila kimoja mahali pa mwenzake. Mwezi mzima Shija amekuwa akiwaandikia watu barua za kwenda Shinzanga. Nilichagua Kijerumani, ikanyooka.

Halafu ikaja: Kila kilichomo kitafutwa. Una hakika? Hapo nilikaa. Shija aliniambia ndani ya mashine hii, ilipokuja, kulikuwa na picha za Wazungu na mbwa wao kwenye theluji, naye akazifuta bila kunionesha. Mimi ningezitazama kwanza. Lakini sasa kilichomo kilikuwa ni wewe, dada. Nikabonyeza Ndiyo kwa kidole kimoja na nguvu zote, mpaka mama mkwe akageuka.

Ndipo nikafika kwenye jina. Jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. La kwanza naandika. La kati, la Shija, naandika, na ninatabasamu nikiliandika. La tatu ni la baba yake Shija. Dada, wewe umekaa mjini umesahau? Mke hatamki jina la baba mkwe wake. Na ukiliandika, koo linalitamka hata kama mdomo umefungwa. Nikafikiria kuandika la baba yangu, lakini mama mkwe yuko pale mlangoni, na anajua kusoma. Kwake ningekuwa nimetangaza kwamba sijaolewa. Nikaacha wazi. Mashine ikasema: Tafadhali jaza. Nikaacha wazi tena. Tafadhali jaza.

Shija akasema, "Sogea nikuandikie, mke wangu, mimi baba ni wangu."

Nikamwambia, "Jina langu siandikiwi tena na mtu."

Siku ya tatu leo mashine ya kati imekwama hapo, na mimi nimekwama nayo.

Nimefikiri sana nikiitazama. Siku ya mahari pale Sola, wazee waliuliza mpaka kivuli kikahama ukuta: ukoo gani, mlitoka wapi, nani aliugua nini, nani alioa nani. Hayo yote yalikuwa yanajulikana bila mimi. Wangemuuliza jirani yeyote. Paroko aliniuliza swali moja tu, na hilo hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kulijibu. Fanyeni hivyo hivyo. Mashine ikiweza kujua kitu yenyewe, ijitafutie. Ikiweza kubahatisha bila kuumiza mtu, ibahatishe. Imuulize mtu yale tu ambayo yeye peke yake ndiye anayajua. Na kwenye jina isidai ukoo. Iulize kama mgeni mstaarabu anavyouliza: Tukuiteje? Kila mtu ajibu anavyopenda.

Sasa la pili. Mwalimu Paschal wa Ipililo alikuja kuchapa mitihani. Na yeye alitumiwa sidii Februari, kwenye basi lile lile, anatumia mpaka leo. Nikamuuliza, "Mwalimu, mashine yako ikiwaka inasemaje?" Akasema, "Inasema Karibu, Mtumiaji." Nikamuuliza mara mbili. Mtumiaji.

Halafu swali langu la pili umeliruka, dada. Nilimuuliza Shija. Akaacha kuimba, akasema, "Muulize dada yako kama kuna siku nilimuuliza kitu." Zaidi ya hapo hataki. Nyumba hii ina watu wawili wanaopendana sana na mtu wa tatu asiyekuwepo, na huyo wa tatu ndiye anayejua kila kitu.

Nina wivu. Nimeandika, limeshaandikwa.

Felisita


Sinza, Dar es Salaam
25 Juni 2004

Feli,

Salamu kwa wote. Afya yangu nzuri. Barua yako nimeisoma mara tatu na kuijibu mara tano, nne nimezichana.

Kwanza kazi. Niliwasomea kikaoni maneno yako ya paroko. Hakuna aliyecheka. Bwana Athanasi alivua miwani akasema, "Huyu ni nani, na kwa nini hayupo hapa?" Maswali yamebaki saba. La kibodi limebaki. La kufuta linaulizwa mara mbili. La jina sasa limeandikwa: Tukuiteje? Chini yake hakuna ukoo. Sidii imo ndani ya bahasha hii.

Sasa hilo jingine. Sidii ya Shija niliitengeneza peke yake. Za wengine zilijaza Mtumiaji. Yake niliandika jina langu, kwa mkono wangu, nikijua ninachofanya.

Hakunitaka. Mwanza tulikaa meza moja mwaka mzima, nami nikangoja aniulize. Nilikuwa nimeandaa jibu, nimelipanga vizuri mpaka koma zake. Krismasi nikamleta Sola awaone wazee, ukatoka ndani na maji ya kunawa, na tukiwa njiani kurudi akauliza swali moja: "Yule mdogo wako anaitwa nani?" Mimi ndiye niliyemtajia jina lako. Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza.

Kulibadilisha jina kwenye mashine ni kubonyeza mara moja. Nilitaka kuona kama atalibadilisha. Kila barua aliyoniletea kuhusu maswali hakulitaja, nami nikajidanganya kwamba amelitunza. Kisha ukaniandikia jinsi alivyoinama akalitazama kama nchi ya mbali. Wiki sita hakuwa hata ameliona, Feli.

Na barua yako ya kwanza, ya kunyoa ndevu, haikuchelewa posta. Ilikaa mezani kwangu wiki tatu.

Nilikukosea. Yeye hakukukosea kitu.

Ofisi inataka mtu ambaye hajazoea kompyuta, akae mbele ya sidii hii siku mbili huku sisi tukitazama bila kusema. Bwana Athanasi amekutaja wewe. Nauli watalipa. Nitaelewa ukikataa.

Lukresia


Somanda, Bariadi
8 Julai 2004

Dada Lukresia,

Mwangaluka. Mayu anatembea bila fimbo. Ndama anaitwa Sidii, baba mkubwa ndiye aliyempa jina, analitamka kwa majivuno kuliko majina ya watoto wake. Mama mkwe mzima. Shija mzima, ameanza kuimba tena, nimemruhusu.

Barua yako niliisomea ndani ya chumba cha magunia ya pamba cha jirani, ili nisionekane. Nililia. Kisha nikakasirika, nikataka kuichoma. Kisha, nakiri, nikafurahi vibaya sana: hakuliona! Wiki sita hakuliona! Nikatoka huko nina nyuzi za pamba kichwani, nikamkumbatia Shija mbele ya wateja wawili na mama yake, naye akauliza nimepatwa na nini. Sikumwambia. Barua ile ni yangu, haijui wala hataijua.

Usiku sikulala, si kwa furaha. Nilikuwa nawaza lile jibu lako ulilolipanga mpaka koma. Mimi nililetewa swali langu nimesimama mlangoni na bakuli la maji, sikuwa nimepanga hata neno. Sijui ningeishije kama lingepita mbele yangu likaenda kwa mtu mwingine, tena mtu wa nyumbani. Labda na mimi ningeandika jina langu mahali.

Lakini wivu haujaisha, nisikudanganye. Bado naifikiria ile meza ya Mwanza. Mwaka mzima ulimwona akiandika, akikuna kichwa, akila ndizi, kabla sijajua kama yupo duniani. Huo mwaka hutanirudishia. Nami mgongo wake sitakugawia.

Jana niliweka sidii mpya. Lugha. Kibodi. Kila kilichomo kitafutwa, una hakika? Iliuliza mara mbili, nami mara zote mbili nilibonyeza taratibu. Halafu ikauliza: Tukuiteje? Mama mkwe alikuwa mlangoni. Shija alikuwa anachapa. Hakuna aliyenisaidia. Nilikaa muda, dada, maana ningeweza kuandika chochote. Mke wa Shija, nililifikiria hilo kwanza, kisha nikuandikie ulisome huko ulipo. Mwisho niliandika Feli.

Shija alipita nyuma yangu akasoma. "Feli ndiye nani?" Nikamwambia, "Ni jina langu la nyumbani. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeniita hivyo."

Nakuja. Mwambie Bwana Athanasi nitakaa kwenye kiti chake siku mbili na nitakwama kila mahali kwa uaminifu. Nakuja peke yangu. Shija abaki na fomu zake. Usinitafutie zawadi wala usipike kitu kikubwa. Nikimaliza ya ofisini tutakaa wawili kwako, na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza, na nitakuuliza lile jibu ulilokuwa umeliandaa Mwanza. Nataka nilisikie lote. Halafu nilie mimi, au ulie wewe, tutaona.

Basi la Jumatano lina nafasi, nimeshauliza. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, na michembe.

Feli